Je, Wajua? Kware wa Tukuyu Anaogopa Maji Kuliko Baridi

Je, wajua kware mzima huvumilia baridi ya Tukuyu bila taa wala jiko, ilimradi awe mkavu na asipigwe na upepo? Uzito wake ni gramu 120 hadi 160 hivi, lakini manyoya yake yanamtosha hata usiku wa Julai. Kinachomuua huku kwetu ni maji. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, na kwa mwaka hunyeshewa mvua inayozidi milimita 2,000, wakati Dodoma haifikishi hata 700. Kware aliyelowa hupoteza joto upesi. Matandiko yaliyolowa nayo hutoa hewa kali ya amonia inayochoma macho na mapafu. Kwa hiyo anayetaka kufuga aanze na paa, ndege wafuate baadaye: bati lenye mwinuko, lililotokeza vizuri nje ya kuta, na sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini.

Je, wajua kwamba akishtuka, kware hurukia juu moja kwa moja, kwa nguvu zote? Ndivyo alivyoumbwa kumkwepa adui majanini. Bandani anakutana na mbao au bati, na wengi hufa kwa kupasuka kichwa au kuvunjika shingo. Dari yenye kimo cha mita moja ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inampa nafasi ya kupata kasi bila kumwachia pa kuishia. Jenga tundu fupi la sentimita 25 hadi 30, au banda refu la mita mbili ambalo hata wewe unaingia umesimama. Chini ya dari funga kiroba au wavu laini.

Na nafasi? Wafugaji wa mayai ya biashara huwabana ndege watano au zaidi katika eneo la daftari lililofunguliwa. Anayemfuga nyumbani kwa kumpenda hana sababu ya kufanya hivyo. Mpe kila mmoja walau sentimita 30 kwa 30, na ukiweza mpe mara mbili yake. Kware waliobanana hudonoana vichwani na kung'oana manyoya, na anayetoka damu haachwi na wenzake.

Madume wawili katika tundu moja dogo ni vita, na mara nyingi jicho ndilo linaloumia. Dume mmoja kwa majike watatu hadi watano panatulia. Kwa kware wa rangi ya kawaida utawatofautisha wakifika wiki ya tatu au ya nne: dume ana kifua chekundu cha kahawia kisicho na madoa, jike ana kifua cha rangi ya mchanga chenye madoa meusi.

Je, wajua kwamba wavu wa kuku hauzuii adui wa kware? Unamzuia kuku asitoke, basi. Panya anapita, nyoka mdogo anapita, kicheche akiingiza mkono anamvuta ndege kipande kipande. Nunua wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi au madogo zaidi, na uuzungushe hadi chini ya sakafu. Mianzi yetu ya Rungwe ni mizuri kwa nguzo na fremu, ila usiitegemee kuwa ukuta, kwa sababu panya anaitafuna. Mchana kuna mwewe na nguchiro, na usiku kuna paka wa jirani, ambaye hata akishindwa kuingia anaweza kuwaua kwa hofu tu, wakajigonga darini.

Halafu kuna siafu. Wenye migomba na chai wanawajua vizuri. Msafara wa siafu ukiingia bandani usiku, ndege aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Asubuhi unakuta mifupa. Kinga ni ya zamani na bado inafaa: simamisha tundu kwa miguu minne, kila mguu uwe ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, na makopo yafunikwe mvua isiyajaze. Fyeka majani yote yanayogusa tundu, kwani jani moja la mgomba linatosha kuwa daraja.

Je, wajua kwamba parachichi ni sumu kwa ndege wengi wafugwao? Katika wilaya hii hilo lisemwe kwa sauti kubwa. Kila nyumba ina mti, na maganda hutupwa popote. Parachichi lina kemikali iitwayo persini, na majani yana nyingi zaidi. Inashambulia misuli ya moyo, ndege anahema kwa shida na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Usimtupie kware ganda wala kokwa, na usiweke banda chini ya mparachichi. Maharage mabichi nayo hapana.

Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mvua zetu huzalisha kwa wingi, yana sumukuvu, na ndege huumia ini hata kwa kiasi kidogo. Chakula kiwe kikavu na kiishe mapema. Kware anahitaji protini nyingi kuliko kuku wa mayai: kifaranga asilimia 24 hadi 28, mkubwa karibu 20. Kwa hiyo pumba za mahindi peke yake ni njaa ya polepole. Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama ndicho kinachokaribia, ukikiongezea usipa waliokaushwa vizuri kutoka Ziwa Nyasa na kusagwa. Kwa matandiko, maganda ya mpunga kutoka mashine za Kyela yanafaa sana, au maranda makavu ya mbao. Majani ya mgomba yaache, yanashika ukungu upesi.

Je, wajua kware haogi kwa maji? Huoga kwa vumbi. Beseni la mchanga mkavu uliochanganywa na jivu lililopoa, chini ya paa, humwondolea utitiri na kumtuliza. Waangalie wakioga, ni raha iliyo wazi kabisa.

Mwaka 1990 vifaranga wa kware walianguliwa angani, katika kituo cha Mir cha Wasovieti, ndege wa kwanza kuzaliwa nje ya dunia. Vifaranga wale walielea, wakashindwa kujishikilia ili wale. Huku chini nako miguu ya kware inahitaji sakafu: waya mtupu huwachubua nyayo na kuwaletea vidonda, kwa hiyo sehemu kubwa ya sakafu iwe imara na yenye matandiko.

Mayai huanguliwa kwa siku 17 au 18, lakini jike wa kufugwa kwa kawaida halalii, maana karne za kufugwa Japani zimemwondolea silika hiyo. Kifaranga huwa na gramu 6 hadi 10 tu. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 35 hadi 37, kisha lipunguzwe kama nyuzi tatu kila wiki. Hapa ndipo baridi ya Tukuyu inapoua kweli, na hapa ndipo watu huingiza jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Usifanye hivyo. Gesi yake haina harufu, nayo huua vifaranga na binadamu. Tumia taa, au jiko lenye njia ya moshi inayotoka nje. Chombo cha maji kijaze gololi au kokoto, kwa sababu kifaranga huzama kwenye maji ya kina cha kidole.

Jike huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba, na hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14. Mchana wetu haufiki saa 13 hata Desemba. Balbu ya jioni itaongeza mayai. Bila balbu atapumzika zaidi, na kwa ndege wa nyumbani sioni ubaya.

Mayai hayo ni chakula kizuri. Si dawa ya kisukari, presha wala Ukimwi, kama yalivyotangazwa wakati kware walipovuma Kenya na hapa kwetu kati ya 2013 na 2015. Bei ilipoanguka, ndege wengi walipuuzwa.

Je, wajua kwamba hupaswi kumchanganya na kuku? Kuku hubeba mdondo na mafua yanayomfikia, na kuna ugonjwa wa vidonda vya utumbo unaompiga kware kuliko ndege yeyote, unaosambaa kwa kinyesi. Mtenge, na ukiona amejikunyata amefumba macho, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Ukichoka naye, mpe mfugaji mwingine. Huyu wa kufugwa ni kware wa Kijapani, naye anaweza kuzaliana na kware pori na kuchafua kizazi chao, kwa hiyo asiachiwe majanini. Na wa porini naye asinaswe: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inataka kibali.