Mikono Miwili, Andiko Moja: Kuanza Kuunda Programu ya Kuandika kwa Pamoja

Kuandika kwa pamoja kwa kawaida ni kazi ya zamu: mmoja huandika, mwenzake husubiri daftari. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, haiko mbali na desturi hiyo. Watu wawili wakihariri sehemu ileile kwa wakati mmoja, anayechelewa kuhifadhi huarifiwa kwamba pana mgongano, naye hulazimika kuupatanisha kwa mkono. Lakini zipo programu za tovuti zinazowaruhusu watu wengi kuandika katika ukurasa mmoja wakati uleule, kila mmoja akiona herufi za wenzake zikitokea. Mwanafunzi anayetaka kuunda programu ya namna hii hana budi kuelewa kwanza tatizo moja, nalo ni la utaratibu kuliko kasi ya mtandao.

Chukuliwe mfano wa wanafunzi wawili, mmoja yuko Mlandege mjini Iringa na mwingine yuko mjini Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Kila kompyuta ina nakala ya neno LIMA. Mwanafunzi wa Mlandege anaongeza M mwanzoni na kupata MLIMA. Wakati huohuo wa Mbeya anaongeza O baada ya herufi ya 4 na kupata LIMAO. Kisha kila kompyuta hupeleka agizo lake kwa nyingine. Mbeya hupokea "weka M mwanzoni", na LIMAO huwa MLIMAO. Mlandege hupokea "weka O baada ya herufi ya 4". Lakini huko herufi ya 4 sasa ni M ya pili, hivyo MLIMA huwa MLIMOA. Hakuna aliyekosea wala agizo lililopotea, lakini nakala zimeachana.

Kuongeza kasi hakuondoi tatizo hili. Mwanga hupita ndani ya nyuzi za kioo kwa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 300 huhitaji sekunde 0.0015. Muda huo ni mfupi mno, lakini si sifuri. Na mtandao ukikatika, waweza kuwa saa nzima. Daima maagizo mawili yaweza kupishana njiani.

Wataalamu wamepata njia mbili za kulitatua. Ya kwanza, iliyoelezwa na C. A. Ellis na S. J. Gibbs nchini Marekani mwaka 1989, ni kurekebisha agizo kabla ya kulitekeleza. Kompyuta ya Mlandege hukumbuka kwamba imekwisha kuongeza herufi moja mbele, hivyo 4 huifanya 5. Njia ya pili ni kuipa kila herufi kitambulisho cha kudumu. Agizo husema "weka O baada ya A ile", popote A hiyo ilipo. Nadharia pana ya njia hii ilichapishwa mwaka 2011 na Marc Shapiro na wenzake wa Ufaransa na Ureno. Wawili wakiandika mahali pamoja, huhitajika kanuni ya kuamua nani atangulie, mathalani mwenye kompyuta ya namba ndogo.

Kazi yaweza kuanzwa darasani bila kompyuta. Wanafunzi wawili wakae mbalimbali, kila mmoja na nakala yake ya neno, wapelekeane maagizo kwa vikaratasi kupitia mwanafunzi wa tatu anayeshika nafasi ya seva. Baadaye iundwe programu ndogo: seva moja na madirisha mawili ya kivinjari, yakiunganishwa kwa websoketi, njia ya mawasiliano ya pande mbili iliyosanifishwa mwaka 2011. Zipo pia programu huria, kama Yjs na Automerge, zenye hesabu za vitambulisho tayari. Lakini ni vema kwanza mwanafunzi aone kwa macho yake MLIMOA ikitokea. Kipimo ni hiki: mawasiliano yakatwe, pande zote mbili ziandike, kisha yarudishwe. Nakala zikilingana, bila herufi ya mtu yeyote kupotea, programu imefaulu.

Hata hivyo, kufaulu huko kuna mpaka. Mwanafunzi wa Mlandege alitaka mlima, wa Mbeya alitaka limao. Programu iliyo sahihi imewapa mlimao, mti ambao hakuna aliyeukusudia. Hesabu huhakikisha kwamba wote wanasoma neno moja. Neno hilo liwe lipi, hayo ni makubaliano ya waandishi wenyewe. Kwa sababu hiyo programu nzuri huonyesha nani anaandika wapi, na huwaachia waandishi mahali pa kushauriana.