Matibabu ya mkulima: tusiachie waganga peke yao



Ugonjwa haungojei mavuno. Mtoto akishikwa na malaria wakati maharagi yangali maua, familia inauzaka mbuzi, ao inakopa, ao inauza mavuno yakiwa bado shambani kwa bei ya hasara. Ndivyo deni linaingiaka nyumbani.

Afya kwa wote maana yake kila mtu apate matibabu bila kuuza shamba. Serikali peke yake haitafika pale. Waganga, makanisa yenye vituo vya afya, wafadhili na sisi wananchi tunapaswa kupanga pamoja. Mkulima ana milango miwili ya kuingilia.

Mlango wa kwanza ni CODESA, kamati ya maendeleo ya eneo la afya. Kivu ya Kusini ina zoni za afya 34, na kila zoni imegawanywa katika maeneo. Kila eneo linapaswa kuwa na CODESA yake. Prezida wake ni mwananchi, muuguzi mkubwa wa kituo ni sekretere. Wanaangalia pamoja feza zilizoingia na kutoka, dawa zilizobaki, na malalamiko ya wagonjwa. CODESA ikilala, mambo yetu yanapangwa bila sisi.

Mlango wa pili ni mutuweli ya afya. Huku Bukavu, BDOM, ofisi ya afya ya Kanisa Katolika, imesaidia mutuweli kwa miaka mingi. Tena sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inazitambua katika inchi yote. Familia inalipa mchango wa mwaka kwa kila mtu wa nyumbani. Akigonjwa, anaenda kwenye kituo chenye mapatano na mutuweli. Mutuweli inalipa sehemu kubwa, yeye anabakia na sehemu ndogo.

Mambo mawili yanauaka mutuweli. La kwanza: wagonjwa tu ndio wanajiandikisha, kisanduku kinakauka. La pili: mchango unaombwa wakati nyumbani hakuna hata franka moja. Koperative inaweza kuponya yote mawili. Familia zote ziandikishwe pamoja, wazima na wagonjwa. Na mchango ukatwe siku ya malipo ya kahawa ao mahindi, kama mkutano mkuu umekubali. Lakini feza ya mutuweli isichanganywe na ya koperative, na kila mmoja apewe risiti.

Familia nyingi zikiingia pamoja, zina nguvu ya kuongea na kituo. Kabla ya kutia saini, ombeni bei ibandikwe ukutani, dawa za lazima zisikosekane, na mgonjwa aliyepona asizuiliwe kitandani sababu ya deni.

Kuhusu wamama: mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bure, ikianzia Kinshasa. Waulizeni CODESA kama kituo chenu kimo, na huduma gani hazilipwi.

Kwa mkutano wenu ujao tunapendekeza maulizo matatu. Nani kati yetu yuko katika CODESA? Ilikutana lini mara ya mwisho? Mavuno yajayo, kila familia inaweza kuweka kiasi gani? Andikeni majibu katika daftari ya koperative, na mchague watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wayapeleke kituoni.