Qigong, Vidole na Presha ya Macho

Katika shule nyingi za China, kuna dakika chache za siku ambapo vitabu hufungwa, spika ikapiga muziki wa taratibu na sauti ikaanza kuhesabu moja hadi nane, kisha moja hadi nane tena. Watoto hufumba macho. Kidole gumba na cha shahada hubana pua pale juu, jirani na kona za ndani za macho, vikisukuma chini halafu juu. Baadaye vidole hushukia mashavuni na kuzungushwa chini ya usawa wa mboni. Mwishoni gumba hutulia kwenye panja, na kidole cha shahada kilichokunjwa hupitishwa juu ya nyusi na kwenye ukingo wa chini wa jicho.

Mazoezi hayo yaliingia katika shule za Beijing mwaka 1963. Daktari Liu Shiming, aliyeyabuni, alichukua sehemu za mwili ambazo waganga wa Kichina huzichoma sindano nyembamba, akazifanya za kubonyezwa na mtoto mwenyewe. Shabaha ilikuwa kuzuia ugonjwa wa kutoona mbali. Kwa hilo hayajafua dafu: wanafunzi wa China bado ni miongoni mwa wanaovaa miwani kwa wingi zaidi duniani.

Watu wazima nao wana yao. Alfajiri, kwenye bustani za miji ya China, wazee husimama wakinyoosha mikono polepole na kuvuta pumzi ndefu. Hiyo ndiyo qigong, mazoezi ya kuratibu pumzi, mwili na fikra. Kwa macho, wengi husugua viganja mpaka vipate moto, kisha huviweka juu ya macho yaliyofumbwa bila kuyakandamiza. Tiba ya jadi ya huko hufundisha kwamba jicho ni mlango wa ini, kwa hiyo ini likisumbuka jicho husema. Ndiyo maana mezani hakukosi chai ya maua ya krizanthemu iliyotiwa tunda jekundu la goji.

Je, presha ya macho hushuka kwa njia hizo? Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Ule uzito unaosikika kwenye macho baada ya kutwa nzima mbele ya kompyuta au simu ni uchovu wa misuli na ukavu wa macho. Kukanda nyusi, kufumba macho na kupumua taratibu huuondoa vizuri, na hakuna sababu ya kumnyima mtu raha hiyo. Presha yenyewe ni kitu kingine, na mara nyingi haisikiki kabisa.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji maangavu mchana na usiku. Si machozi, haya hukaa sehemu ya mbele ya jicho, yakailisha, kisha hutoka kupitia vichujio vidogo kwenye pembe iliyo kati ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na ile sehemu yenye rangi. Kichujio kikizubaa, hali huwa kama karo lililoziba huku bomba likiendelea kutiririsha. Presha ya kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikizidi kwa muda mrefu, mshipa wa fahamu wa jicho huweza kufa kidogo kidogo, na uoni huanza kupotea pembeni. Hiyo ndiyo glakoma, na uoni ukishapotea haurudi. Utafiti uliofanyika Kongwa, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2000, uliikuta kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea.

Kuhusu sindano za Kichina, mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa kitabibu wa Cochrane mwaka 2013 hayakupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba zinatibu glakoma. Utulivu wa akili una habari njema kidogo. Madaktari wa New Delhi, India, waliwafuatilia wagonjwa 90 wa glakoma. Waliofanya tafakuri na kupumua taratibu kila siku kwa wiki tatu, presha yao ya macho ilishuka kwa kiasi cha kuonekana. Lakini hao waliendelea na dawa zao za matone, na wiki tatu si miaka thelathini.

Kuna upande ambao walimu wengi wa mazoezi hawautaji. Kusimama kwa kichwa, kama wafanyavyo watu wa yoga, huweza kupandisha presha ya jicho karibu mara mbili. Kuinama kichwa kikiwa chini ya moyo nako huipandisha, ingawa si kwa kiwango hicho. Na katika Baduanjin, qigong maarufu yenye mikao minane, upo mkao wa kuinama hadi kushika miguu. Kubana pumzi na kukakamaa pia hupandisha. Mwenye glakoma anaweza kuuruka mkao huo, mingine akaendelea nayo. Na tazama vizuri vidole vya wale watoto: vinapita juu ya mfupa tu. Kulikandamiza au kulisugua jicho lenyewe ni kuliongezea presha.

Katika matibabu ya glakoma, matone ndiyo yanayobeba kazi kubwa, pamoja na leza na upasuaji pale inapobidi. Baada ya kutia tone, mgonjwa hushauriwa afumbe jicho na kubonyeza taratibu kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie puani na kuingia kwenye damu. Anayetaka kufanya qigong yake baada ya hapo, na afanye.

Aina moja ya glakoma haisubiri, nayo huwapata zaidi watu wa Asia ya Mashariki kuliko Waafrika: pembe ya jicho hufunga ghafla. Jicho huwa jekundu, maumivu hupanda hadi kichwani, mgonjwa hutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Huyo hakandwi wala hapewi chai. Hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.