Wavamizi wa 1978 wangali na la kutufunza

Sisi walimu tuna ugonjwa mmoja ambao hatupendi kuutaja. Tukimwona mwanafunzi ameinamia simu, twakata shauri papo hapo kwamba anapoteza wakati. Hatuulizi anafanya nini. Twamnyang'anya, twamkaripia, twamwandikia mzazi barua, kisha twarejea katika chumba cha walimu tukiwa radhi kwamba tumetimiza wajibu wetu. Leo nataka kuungama, kwa maana mimi mwenyewe niliugua maradhi hayo, na aliyenitibu ni mpwa wangu wa kidato cha tatu.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Dada yangu alinipigia simu akilalamika kuwa mwanawe hagusi kitabu, kutwa kucha ni simu tu. "Kaka, njoo uzungumze naye," alinisihi. "Wewe ndiwe mjomba wake, na tena u mwalimu." Nilifunga safari. Nilimkuta kijana barazani, na kwenye kioo cha simu yake palikuwa na vijidudu vyeupe vimejipanga safu safu, vikiteremka polepole kuelekea chini. Sikutaka maelezo. Nilimwamuru aufute mchezo ule mbele ya macho yangu. Alinitazama kitambo kidogo, akasema, "Sawa, mjomba," akaufuta. Nikamhutubia juu ya mtihani wa KCSE hadi chai ikaletwa.

Nilipokuwa nikinywa chai ile ndipo nilipoliona daftari lake la miraba mkekani. Nililifungua nikidhani ni la hisabati. Kila ukurasa ulijaa michoro: safu 5, kila safu viumbe 11, mishale ya kuonyesha mwendo, hesabu za kasi, na majaribio yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa upya. Nikamwuliza ni kitu gani kile.

"Ni ule mchezo, mjomba. Nilikuwa nauunda."

"Nakala yake iko wapi?"

"Haiko. Sina tarakilishi. Nilikuwa naiandika programu humu humu kwenye simu."

Wasomaji wapenzi, chai ilinikwama kooni. Kazi ya miezi mitatu niliiteketeza kwa amri moja, na kijana yule, kwa adabu aliyofunzwa na mamaye, hakunibishia.

Mchezo wenyewe niliujua vyema. Nilipokuwa kijana, nilizitia sarafu zangu nyingi katika mashine ya aina ile katika ukumbi mmoja wa burudani mjini Mombasa. Jina lake ni Space Invaders, na aliyeubuni ni mhandisi Mjapani aitwaye Tomohiro Nishikado, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Taito. Ulitolewa mwaka 1978. Mchezaji ana chombo kimoja chini ya skrini, kinachokwenda kushoto na kulia tu. Juu yake wamo wavamizi 55 kutoka anga za mbali, nao huteremka hatua kwa hatua. Kati yake na wao zimo ngome 4 za kujikinga, ambazo humeguka kila zinapopigwa na risasi, za adui na zake mwenyewe.

Wako watakaosema kuwa huo ni mchezo wa kuua, haufai kwa watoto. Hoja hiyo naiheshimu. Hata hivyo, Nishikado mwenyewe ameeleza mara kadhaa kwamba kufanya binadamu kuwa shabaha kulionekana si jambo jema, na kwa hiyo akachora viumbe vyenye sura ya pweza, kaa na ngisi. Swali la maadili liliulizwa tangu siku ya kwanza, na mwenye kuunda alilijibu kabla mchezo haujatoka mikononi mwake. Ni waandishi wangapi wa leo wajiulizao hivyo?

Lakini lililonishangaza zaidi ni jinsi kazi ile ilivyozaliwa katika umaskini wa vifaa. Mashine ya 1978 ilikuwa na prosesa aina ya Intel 8080, na programu nzima ya mchezo ilitoshea katika kilobaiti 8. Picha moja tuipigayo kwa simu leo yaweza kuzidi kiasi hicho mara mia kadhaa. Skrini haikuwa na rangi. Katika mashine nyingi, rangi ililetwa na vipande vya plastiki iliyo angavu vilivyobandikwa juu ya kioo. Prosesa ile ilikuwa goigoi mno kuwasogeza wavamizi wote kwa pamoja. Ikawa inamsogeza mmoja tu kila skrini inapochorwa upya, yapata mara 60 kwa sekunde. Basi wakiwa 55, jeshi zima lilihitaji karibu sekunde nzima kupiga hatua moja. Wakisalia 10, hatua hiyo ilichukua sehemu moja ya sita ya sekunde. Akisalia mmoja, alikimbia kama aliyepagawa.

Nishikado aliiona hali hiyo akaiacha kama ilivyo. Udhaifu wa mashine ukageuka uhai wa mchezo: kadiri unavyokaribia ushindi, ndivyo hatari inavyozidi, na mlio ule wa sauti nne nzito unaenda mbio kama moyo wa mtu mwenye hofu. Hilo ndilo lililowafanya watu watie sarafu nyingine.

Mpwa wangu aligundua jambo hilo kwa njia ngumu. Katika jaribio lake la awali aliwasogeza wavamizi wote pamoja, kwa sababu simu ya leo yaweza kufanya hivyo pasi na jasho. Jeshi likatembea kama gwaride la sikukuu ya Jamhuri, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na rafiki zake wakachoka nalo upesi. Mchezo ulikuwa na kila kitu ila roho. Ilimbidi kuurudisha kwa makusudi ule unyonge ambao Nishikado aliupata bila kuutafuta. Na hapo akakumbana na mtego mwingine: simu nyingine huchora kioo mara 60 kwa sekunde, nyingine 90, nyingine 120. Ukiufunga mwendo wa wavamizi kwenye uchoraji wa kioo, katika simu ya gharama watakimbia mara mbili ya walivyo katika simu ya mnyonge. Dawa yake ni kupima mwendo kwa saa, wala si kwa michoro. Somo la fizikia hilo, walimu wenzangu, na hakuna aliyelifundisha.

Nilimwomba radhi kijana, nikamwahidi kuwa nitakaa naye siku tano zilizobaki aanze tena. Alianza usiku ule ule, daftari kando. Hapo nikaelewa tofauti ya aliyekariri na aliyeelewa. Programu ilikuwa imefutika katika simu, lakini kichwani mwake haikufutika. Sehemu iliyomchukua majuma mawili hapo kwanza aliimaliza kwa siku moja.

Kizuizi kikubwa kilikuwa kidole. Mashine ya kale ilikuwa na vitufe ambavyo mkono uliweza kuvipapasa huku macho yakibaki kwa adui. Kioo cha simu ni laini kote. Kidole hakijui kiko wapi mpaka jicho likishushe, na jicho likishuka, adui ameshapiga. "Tena, mjomba," aliniambia, "kidole chenyewe kinaficha chombo ninachokiongoza." Tulijaribu kukiweka chombo juu kidogo ya kidole, tukajaribu kukiburuta kwa mbali. Kila njia ilikuwa na dosari yake.

Jibu lilikuja kutoka kwa umbo la simu. Skrini ya mashine ya kale ilisimama wima, nukta 224 kwa upana na 256 kwa urefu. Simu za siku hizi ni nyembamba na ndefu mno. Nyingi urefu wake ni zaidi ya mara mbili ya upana. Kijana alikuwa ameunyoosha uwanja hadi ukaijaza simu yote, na kwa kufanya hivyo aliwapa wavamizi safari ndefu na mchezo ukawa rahisi kupita kiasi. Tulipourejesha uwanja katika vipimo vyake vya asili, karibu nusu ya kioo ilibaki tupu. Tukauweka uwanja juu, na nusu ile tupu ya chini ikawa ya vidole gumba: cha kushoto huongoza, cha kulia hupiga. Hakuna tena kilichofichwa. Uaminifu kwa asili ndio ulioleta dawa ya jambo jipya.

Jambo moja tulilibishania hadi usiku wa manane. Katika mchezo wa asili, mchezaji hawezi kuwa na risasi zaidi ya moja angani. Ukikosa, unangoja. Kanuni hiyo ndiyo inayomfunza mtu kulenga badala ya kumwaga risasi ovyo. Michezo mingi ya simu hufyatua risasi yenyewe, mfululizo, ili kumpunguzia mchezaji taabu. Mpwa wangu alitaka risasi zitoke zenyewe. Nami, kwa ukali wa kimwalimu, nikakataa katakata: huko ni kuichinja kazi ya mwenyewe.

Akaniambia kwa upole, "Mjomba, jirani yetu mkono wake mmoja haufanyi kazi. Yeye asicheze?" Kisha akaendelea: "Kanuni si kubonyeza. Kanuni ni risasi moja." Akaonyesha namna risasi iwezavyo kutoka yenyewe ikiwa mchezaji amechagua hivyo, lakini pasitoke ya pili mpaka ya kwanza imegonga kitu au imepotea. Taabu ya kidole imeondoka. Adhabu ya kukosa imebaki. Nilishindwa kwa hoja, na sioni haya kusema hivyo.

Nilipolitafakari jambo hilo, nilikumbuka historia ya fasihi yetu. Tendi zetu za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye wataalamu wakazihamishia katika hati za Kilatini. Hati ile haikuwa na alama kwa kila sauti ya Kiswahili, kwa hiyo mwenye kuhamisha alilazimika kuamua katika kila mshororo: hapa ni hivi au vile? Aliyeujua utendi kwa masikio, mizani na vina, aliamua vyema. Aliyezijua herufi tu aliharibu. Kuhuisha mchezo wa kale ni kazi ya jinsi hiyo. Huna budi kujua ni kipi kilichokuwa vazi na ni kipi kilichokuwa mwili.

Wenyewe Taito waliliona jambo hilo. Mwaka 2009 walitoa Space Invaders Infinity Gene kwa ajili ya simu ya iPhone, mchezo uanzao kwa sura ya 1978, kisha ukabadilika hatua kwa hatua hadi chombo kikapata uhuru wa kwenda pande zote. Walichagua njia ya mageuzi. Sisi tulichagua njia ya uhifadhi. Zote mbili ni halali mradi mtu ajue anachokifanya. Na wala tusidhani kuwa kitu kikishaingia katika simu kimepata uzima wa milele. Mwaka 2017, kampuni ya Apple ilipoacha kuendesha programu za biti 32, michezo mingi ambayo wenyewe hawakuitengeneza upya ilikufa siku hiyo. Karatasi ya utendi hudumu karne. Programu isiyotunzwa haidumu mwongo mmoja.

Kuna suala la sheria pia, ambalo walimu hatuna budi kulifundisha. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za tarakilishi kama inavyolinda vitabu. Wazo la viumbe kuteremka na mtu kujihami si mali ya yeyote, lakini jina, michoro, sauti na programu ya Taito vina mwenyewe. Mpwa wangu hakunakili hata kimoja. Wavamizi wake sasa ni kunguru, maana mkazi gani wa Mombasa asiyejua uvamizi wa kunguru? Ngome zake ni mapaa ya makuti, yanayonyofoka jani kwa jani.

Walimu wenzangu, sisemi simu ziruhusiwe katika mabweni. Kanuni za shule zina sababu zake, nami nazitii. Nisemalo ni hili: kabla ya kumnyang'anya mtoto kitu, tumwulize anakifanyia nini. Na pale penye chumba cha tarakilishi, tuwape wanafunzi kazi ya kuhuisha kitu cha zamani kilicho kidogo, wakijue ndani na nje, badala ya kuwakaririsha majina ya sehemu za mashine. Nanyi wanafunzi, wekeni nakala za kazi zenu mahali pawili au patatu, maana hamjui ni mjomba gani atakayebisha hodi.

Mpwa wangu alirudi shuleni Januari. Simu imebaki kwa mamaye, mchezo umo ndani yake, na nakala ya pili ninayo mimi. Dada yangu aliyeniita nimkomeshe mwanawe alinipigia tena juma lililopita. Nilidhani ana malalamiko mapya. Kumbe alitaka kuniuliza jinsi ya kumpiga kunguru wa mwisho, yule mwenye mbio. Nilimwambia ukweli: asimfukuze, amngoje mbele ya njia yake, kwa kuwa risasi ni moja tu.