Ufahamu mmea wa pwani unaotambaa na kuishi kwenye chumvi, na somo lake kwa wakulima wa Mbulu na Hanang

Ukishuka ufukweni Dar es Salaam, Bagamoyo au Tanga, kuna mmea ambao watu wengi wanaukanyaga tu bila kuujali. Unatambaa juu ya mchanga, majani yake ni manene, na maji ya bahari yanaufikia lakini haufi. Kitaalamu unaitwa Sesuvium portulacastrum.

Mtu wa Katesh, Haydom au Dongobesh anaweza kuuliza: sasa huo mmea unanihusu nini mimi niliye mbali na bahari? Jibu ni moja tu: chumvi.

Utaujuaje?

Shina lake ni laini, mara nyingi lina wekundu, na hutoa mizizi kila pingili inapogusa ardhi. Ndiyo maana unashika mchanga usipeperuke. Majani yanang'aa, ni membamba kiasi na yamejaa maji. Ukitafuna jani unasikia chumvi mdomoni. Maua ni madogo, ya rangi ya waridi, mfano wa nyota yenye ncha tano.

Kwa nini haufi?

Mahindi yakiwa kwenye udongo wa chumvi yanaweza kunyauka hata kama udongo una unyevu. Chumvi inayashikilia maji, mizizi inashindwa kuyavuta.

Mmea huu unafanya tofauti. Unaiingiza chumvi ndani na kuifungia kwenye vijifuko vidogo vilivyo ndani ya seli za majani, isiharibu sehemu nyingine. Chumvi hiyo hiyo inausaidia kuvuta maji. Na unene wa majani unaizimua, kama unavyoongeza maji kwenye mchuzi uliozidi chumvi.

Ufilipino watu wanautengenezea achari. Anayeupika kama mboga huuchemsha kwanza na kumwaga maji ili chumvi ipungue.

Somo kwa Mbulu na Hanang

Angalia Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang. Halina mto wa kutoa maji. Mvua inaleta maji yenye madini kutoka juu, jua linayakausha, chumvi inabaki. Kiangazi unaona ganda jeupe. Ziwa Eyasi nalo ni hivyo hivyo.

Shamba la umwagiliaji lisilo na njia ya kutoa maji linaweza kufuata mkondo huo huo. Kila maji unayomwagia yana chumvi kidogo. Mwaka hadi mwaka inajikusanya, mavuno yanashuka, na mkulima anadhani mbegu ndiyo mbaya.

Je, tuulete mmea huu ule chumvi mashambani?

Watafiti wa India na Tunisia wameshaujaribu kusafisha udongo, na kweli unavuta chumvi. Ila kuna sharti: lazima uukate na kuutoa kabisa shambani. Ukiuacha uozee palepale, chumvi yote inarudi ardhini. Pia ni mmea wa joto la pwani, na usiku wa milima ya Mbulu ni baridi.

Kwa hiyo usikimbilie mche. Ukiona ganda jeupe juu ya udongo, kwanza angalia maji yanatokea wapi. Chimba mtaro, kisha maji safi yapite yakiiosha chumvi kwenda chini. Ukiongeza maji bila mtaro, unaongeza tatizo. Mwone afisa kilimo wa kata, udongo upimwe kabla hujanunua mbegu nyingine.

Tahadhari: si kila mmea unaotambaa shambani unaliwa. Ukivunja shina likatoa utomvu mweupe kama maziwa, achana nao, na usijiguse machoni.