Mwili Umetangulia, Mtoto Yuko Njiani

Januari ni mwezi wa sare. Kwenye kibaraza cha fundi cherehani mmoja wa Temeke, watoto wamepanga foleni na mama zao, vitambaa vya bluu na kijani mikononi, na fundi anazungusha tepu kalamu ikiwa sikioni. Zamu inamfikia binti wa darasa la nne. Fundi anapima mabega, kiuno, urefu wa sketi, kila namba anaitaja kwa sauti. Akifika kifuani ananyamaza, anaandika daftarini bila kutamka. Mama mtu anaangalia simu.

"Ile mikunjo ya kifuani niliyokuwa nawawekea wa darasa la saba," fundi aliniambia baadaye, "siku hizi naiweka kwa wa la nne. Ukimuuliza mama, atakwambia ni kuku wa kisasa."

Tuanze na huyo kuku, maana amesingiziwa vya kutosha. Kuku wa nyama hufikia uzito wa kuuzwa kwa wiki tano au sita kwa sababu mbegu yake imechaguliwa kizazi baada ya kizazi, na chakula chake kimepimwa. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukimlisha kuku, tumbo lake litaisaga kama dagaa. Kumchoma sindano mmoja mmoja katika banda la kuku elfu mbili ni kazi ambayo hakuna mfugaji mwenye akili timamu angeifanya. Kosa dogo alilonalo kuku huyu linatoka kwenye karai la mafuta, na tutalifikia.

Ila jicho la fundi halikumdanganya. Katika Ulaya ya kaskazini, katikati ya karne ya 19, wasichana walivunja ungo wakiwa na miaka 16 au 17. Chakula kikaboreka, magonjwa ya utotoni yakapungua, na kufikia katikati ya karne ya 20 umri huo ulikuwa umeshuka hadi karibu na 13. Madaktari wakaona mambo yametulia. Mwaka 1969 Waingereza wawili, William Marshall na James Tanner, wakachapisha vipimo vya wasichana 192 waliokuwa wakilelewa katika makao ya watoto: matiti yalichomoza kwa wastani wakiwa na miaka 11 na miezi michache, hedhi ikaja kwenye 13 na nusu. Vitabu vya udaktari vikazinakili namba hizo kama msahafu.

Aliyezitilia shaka hakuwa profesa mwenye jina. Marcia Herman-Giddens alikuwa akihudumia watoto katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na akaona wasichana wa miaka minane na tisa wakiwa na dalili ambazo vitabu vilisema hazijafika zamu yao. Akakusanya rekodi za wasichana zaidi ya 17,000 kutoka kliniki za watoto, akazichapisha 1997. Matiti yalikuwa yakichomoza karibu na miaka 10 kwa weupe, na kabla ya kutimiza 9 kwa Wamarekani weusi. Wenzake walimbishia sana. Kisha Copenhagen wakapima wa kwao: kati ya 1991 na 2006, wastani ulishuka kwa karibu mwaka mzima. Uchambuzi uliochapishwa 2020, uliojumuisha tafiti za mabara mbalimbali, ulikuta matiti yanawahi kwa karibu miezi mitatu kila miaka kumi inayopita.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, nami ningependa walijue kuliko mengine yote. Katika miongo hii ya karibuni, kilichosogea sana ni mwanzo. Hedhi imesogea kidogo tu. Kwa hiyo barabara ya kubalehe haikuhama nzima, imerefuka. Kwa kawaida, kuanzia siku matiti yanapochomoza, mzazi ana miaka miwili hivi, pengine zaidi, kabla damu ya kwanza haijaja. Anayengoja damu ndipo aite mtoto waongee, amepoteza miaka hiyo yote kimya.

Ni nini kinachoianzisha safari? Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Huwa macho miezi ya mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa, kisha hulala kwa miaka. Ikizinduka, kwanza usiku mtoto akiwa usingizini, hutoa homoni kwa mapigo, kama mpiga ngoma anayejaribu ngozi kabla ya shughuli. Tezi ya pituitari inaitika, ovari zinaitika, estrojeni inaingia kwenye damu. Anayemgusa bega mpiga ngoma huyo ni kemikali iitwayo kisspeptini. Jina lake limetokana na chokoleti: jeni yake iligunduliwa 1996 katika mji wa Hershey, Pennsylvania, kunakotengenezwa peremende za Kisses, na waliokuwa wakiitafuta walikuwa wanachunguza saratani. Mwaka 2003 ndipo ilipobainika kwamba mtu ambaye kipokezi cha kisspeptini kina hitilafu habalehe kabisa.

Lakini ubongo hauruhusu ngoma kupigwa bila kujua ghalani kuna nini. Mimba ni gharama kubwa kwa mwili. Habari za ghala huletwa na leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili, iliyogunduliwa 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Mtoto aliyezaliwa bila leptini habalehe kwa wakati, hata awe mnene vipi. Mwenye mafuta mengi, ujumbe wake unafika mapema. Hapo ndipo karai la mafuta linapoingia: chipsi kuku za kila jioni, soda, na mtoto anayerudi shule kwa bajaji kisha anakaa mbele ya runinga hadi usiku. Kuku si mchawi. Jumla ya sahani ndiyo inayohesabiwa.

Ghala hata hivyo halielezi kila kitu. Mwaka 1991 wanasaikolojia Jay Belsky na Laurence Steinberg, pamoja na mwanaanthropolojia Patricia Draper, walitoa hoja iliyowashtua wengi: kwamba mwili wa msichana huisoma nyumba. Nyumba ikiwa na ugomvi, baba haeleweki yuko au hayuko, mwili unachukulia kwamba dunia si ya kutegemewa, na unaharakisha kukua. Bruce Ellis, aliyefanya kazi hii Marekani na New Zealand, alikuta kwamba mabinti ambao baba zao walikuwa karibu nao kwa upendo tangu wakiwa wadogo walichelewa kubalehe kidogo kuliko wengine. Kidogo, si miaka.

Wapinzani hawakukosekana. Jane Mendle na wenzake waliandika 2006 kwamba huenda ni urithi tu: mama aliyevunja ungo mapema huolewa mapema, ndoa ikavunjika mapema, na binti akarithi saa ileile ya mwili. Ni hoja nzito. Ndipo Ellis na Jacqueline Tither wakaenda kutazama dada kwa dada, tumbo moja, baba mmoja. Wazazi walipoachana, mdogo aliishi bila baba miaka mingi zaidi ya utoto wake kuliko mkubwa. Matokeo yao ya 2008 yalionyesha kwamba mdogo alivunja ungo mapema kuliko dada yake, hasa pale baba alipokuwa mtu wa vurugu na matatizo makubwa. Kuondoka kwa baba peke yake hakukutosha kueleza tofauti hiyo. Kilichokuwa kikitokea ndani kabla hajaondoka kilikuwa na uzito wake. Tunaozoea kumnyooshea kidole mama anayelea peke yake tungeusoma utafiti huo mara mbili.

Na hayo yote ni nusu ya habari. Mwili ukishatangulia, kuna watu wanaousoma kutoka nje. Wasweden Håkan Stattin na David Magnusson waliwafuatilia wasichana wa mji mmoja hadi utu uzima. Waliobalehe mapema walionekana, kwenye miaka 14 na 15, kunywa pombe na kukiuka taratibu zaidi ya wenzao. Walipochambua, jambo likawa jingine: walioangukia huko ni wale waliokuwa na marafiki wakubwa kuliko wao. Sehemu ya ubongo inayopima hatari na kuahirisha tamaa huendelea kukomaa hadi kwenye miaka ya ishirini na kitu, na haiharakishwi na estrojeni kwa kasi hiyo. Mwenye miaka kumi anabaki na akili ya miaka kumi, hata kama dereva wa bodaboda anamwita mchumba.

Kwetu, saa ya mwili ndiyo iliyokuwa kalenda. Binti akivunja ungo, mama hakusema naye. Alikabidhiwa kwa somo au kungwi. Kwa Wazaramo mwali alifungiwa ndani na kupewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ya kutunza kama mtoto. Mafunzo ya unyago yalimhusu mtu ambaye ndoa ilikuwa mlangoni. Ungo ukivunjika darasa la tano, mafunzo yaleyale yanamwangukia mtoto ambaye bado anacheza rede. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019.

Nyumbani kinachotokea mara nyingi ni kidogo mno kuonekana. Baba aliyekuwa akimpakata binti yake anaacha ghafla, hasemi kwa nini. Mama anaanza kufoka: funga kanga, kaa vizuri, usicheze na wavulana. Mtoto anaelewa kwamba amefanya kosa, ila hajui lipi. Matiti yakichomoza kabla ya miaka 8, apelekwe kwa daktari. Zipo sindano za kuituliza ngoma hadi wakati wake. Akiwa na miaka 9 au 10, hahitaji sindano. Anahitaji mtu wa kukaa naye jikoni.

Nilirudi kwa fundi kuchukua suruali yangu siku ambayo yule binti alikuja kujaribu sketi. Aliingia nyuma ya pazia, fundi akamfuata, nikasikia wananong'ona. Fundi alipotoka akakaa kwenye cherehani, akakata kipande cha kitambaa, akaanza kushona mfuko mdogo upande wa ndani wa kiuno, pasipoonekana.

"Huo wa nini tena?" mama aliuliza, akiinua macho kutoka kwenye simu.

"Wa kalamu," fundi alisema, na kukanyaga pedeli.