Je, Wajua? Mtoto Mmoja, Abati Mmoja, Watawa 600

Je, wajua kuwa monasteri ya Wearmouth, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ilianzishwa mwaka 674 na msafiri? Benedict Biscop alifika Roma mara 6, akarudi na shehena za vitabu na picha takatifu. Ardhi alipewa na Mfalme Ecgfrith.

Je, wajua kuwa mafundi wa vioo waliletwa kutoka Gaul, Ufaransa ya leo? Ufalme wa Northumbria, ilimokuwa Wearmouth, haukuwa na fundi wa kazi hiyo. Wageni hao waliyatia vioo madirisha ya kanisa, kisha wakawaachia wenyeji ujuzi wao.

Je, wajua kuwa jiwe la kutabaruku kanisa la Jarrow, monasteri pacha ya Wearmouth, bado limo kanisani humo? Tarehe yake ni 23 Aprili 685.

Je, wajua kuwa Abati Eosterwine wa Wearmouth, aliyewahi kuwa askari wa mfalme, hakuona haya kushika jembe la kukokotwa? Akiwakuta ndugu wakifua chuma au wakipepeta nafaka, naye aliingia kazini.

Je, wajua kuwa kitabu kimoja kilinunua shamba? Abati Ceolfrith alimpa Mfalme Aldfrith kitabu cha maelezo ya dunia, akapata ardhi ya kutosha familia 8.

Je, wajua kuwa Ceolfrith aliagiza Biblia 3 kubwa zinakiliwe kwa mkono? Moja ipo hadi leo mjini Florence, Italia. Ina uzito wa kilo 34 hivi na kurasa zaidi ya 2,000, zote za ngozi. Ndiyo Biblia nzima ya Kilatini ya Vulgata iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki.

Je, wajua kuwa mwanahistoria Bede alipelekwa kwa watawa hawa akiwa na miaka 7? Vitabu vya Biscop vilimlea. Historia aliyoimaliza mwaka 731 ilisaidia sana kueneza desturi ya kuhesabu miaka tangu Kristo azaliwe, ile tunayoiandika BK.

Je, wajua kuwa Jarrow ilikaribia kunyamaza kabisa? Tauni ya mwaka 686 hivi iliwaua wote waliojua kuongoza sala za kuimbwa, akabaki Ceolfrith na mtoto mmoja. Kwa huzuni, abati aliamuru zaburi ziimbwe bila viitikio, isipokuwa Masifu ya Asubuhi na ya Jioni. Wiki moja ilipita kwa machozi. Hakuvumilia zaidi, akarudisha viitikio vyote, wakaimba wawili hao huku abati akiwafundisha wengine, hadi kwaya ikasimama tena.

Mwaka 716 Ceolfrith, mzee wa miaka 74, alifunga safari ya mwisho kwenda Roma. Aliyebaki na mtoto mmoja wa kuitikiana naye akaacha nyuma yake watawa zaidi ya 600.